Kibanio cha Kidoleni

Bwera, 8 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Loyi,

Nakusalimu wewe na wote walio karibu nawe huko Kasese. Mimi ni mzima. Bweni letu linavuja upande wa juu, kwa hiyo wasichana wa kidato cha tatu tunalala wawili wawili upande mkavu, na anayelala nami anaota kwa sauti. Maharage ya muhula huu hayana wadudu. Katika jaribio la biolojia nimekuwa wa pili.

Sasa niseme kinachoniuma. Jana Matron Ronah aliniita ofisini kwake kwenye simu. Unajua simu ya matron, Mama mdogo. Hapa shuleni haijawahi kumwita msichana kwa harusi. Nilipokuwa navuka uwanja, waliokuwa wanafua waliacha kufua wakanitazama. Kumbe alikuwa Baba. Alisema, "Mama yako ameteremshwa Kasese, Loyi yuko naye. Wewe soma." Nikamwuliza anaumwa nini. Akasema tena, "Wewe soma," na simu ikakatika.

Msichana mmoja wa kwetu Kyarumba, aliyerudi kutoka nyumbani, ameniambia kuwa Mama alibebwa kwa machela kutoka kwetu juu mpaka barabarani, na kwamba wanaume walipokezana kwa sababu miguu yake ilikataa kabisa kusimama. Mama ambaye msimu uliopita alishuka na gunia la kahawa kichwani huku akinisuta kuwa natembea kama bibi harusi!

Nakuomba uniambie ukweli. Muhamood, anayeleta mikate ya shule kutoka Kasese kwa pikapu, amekubali kubeba barua zetu kila anapokuja kwa soko la Mpondwe. Simu haturuhusiwi kuwa nazo, lakini barua hakuna aliyezikataza.

Mwanao,
Musoki


Kasese, 17 Juni 2025

Mutoto wangu Musoki,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, ilikuwa inanukia mkate. Usinicheke kwa maandishi yangu, Kiswahili changu nilikipata sokoni Mpondwe kwa kuuzia chumvi Wakongomani, si darasani kama wewe.

Huku ni joto sana. Sisi tunaouguza wagonjwa tunapikia nyuma ya hospitali, kila mtu na sufuria yake. Kuna mwanajeshi mmoja, Sajini Lokwang, mke wake yuko kitanda cha jirani. Anapika uji kama mtu anayechanganya saruji. Nilimwambia, "Afande, huyo mke wako atapona ugonjwa afe na uji." Akanijibu, "Mama, uji wa jeshi haujaua mtu, unamnyoosha tu."

Baba yako amebaki Kyarumba na wadogo zako. Wazima.

Mama yako anapumzika vizuri. Hawezi kuandika kwa sasa. Anasaidiwa kupumua kidogo.

Soma sana. Kula.

Mama yako mdogo,
Loyi


Bwera, 24 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo,

Natumaini joto limepungua na afande amejifunza kupika. Hapa mvua imesimama, tumerudi kila mtu kitandani kwake.

Umeandika, "Anasaidiwa kupumua kidogo." Sentensi hiyo nimeisoma mpaka naiona nikifumba macho. Nimempelekea Mwalimu Ahimbisibwe wa biolojia. Aliuliza, "Anasaidiwa na nini?" Nikasema sijui. Akafuta ubao mzima akachora kifua, na bomba, na mashine inayosukuma hewa ndani. Akasema mgonjwa wa namna hiyo huwekwa chini ya skrini, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kusema "nimebanwa" au "nasikia baridi". Skrini inaonyesha mapigo ya moyo, oksijeni iliyomo kwenye damu, presha, joto na pumzi. Anayemlinda husoma zote pamoja, kwa sababu namba moja peke yake inaweza kudanganya.

Mama mdogo, nakuomba usinilinde. Nisipojua, nawaza mambo mabaya zaidi, na darasani sisikii kitu. Simama mbele ya skrini hiyo, uniandikie kila unachokiona na rangi yake. Mimi nina miaka kumi na sita. Naweza kubeba.

Musoki


Kasese, 4 Julai 2025

Musoki mutoto wangu,

Salamu. Baba yako alikuja akalala siku mbili akarudi, kahawa imeanza kuiva na nyani hawana huruma. Amenunua kuku wawili.

Umesema unaweza kubeba. Basi kaa chini.

Ugonjwa ulianza miguuni, ganzi tu. Ukapanda mapajani, ukafika mikononi. Siku tuliyomleta sauti ilikuwa inakwisha, na usiku huo pumzi ikaanza kukata. Daktari anasema mishipa ya fahamu imelala. Anasema huwa inaamka, lakini polepole, wengine miezi. Mpaka hapo mashine inapumua kwa niaba yake. Wamemtoboa shingoni, bomba linapita hapo, kwa hiyo hawezi kutoa sauti. Ni kope tu zinazofanya kazi. Lakini akili haikulala, Musoki. Anatusikia wote. Nimemsomea barua zako na machozi yalimtoka.

Nimesimama mbele ya skrini kama ulivyoniamuru, mwalimu wangu. Ya kijani juu inasema 126. Ya buluu, hiyo ya oksijeni, 98, na chini yake kuna namba ndogo ya buluu pia, 74. Presha 95 kwa 58. Joto 38 na kitu. Anatoka jasho, nampangusa.

Ile ya buluu ilikuwa inanisumbua sana. Wiki iliyopita ilikuwa inashuka, 91, 89, na skrini inalia kama mbuzi aliyefungwa. Sista Babirye, nesi wa hapa, anakuja mbio, ananyonya makohozi kwenye bomba, anaangalia, anaandika. Afande Lokwang akaniambia, "Mama, mashine za kupumulia hapa ziko mbili tu. Mashine ni kama bunduki. Askari akisinzia, unamnyang'anya, unampa aliye macho. Subiri namba za dada yako zisinzie uone!" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Juzi niliona wanamleta kijana aliyepata ajali ya pikipiki, na madaktari wakasimama mlangoni wanaongea huku wanatazama kitanda chetu.

Lakini Mungu ni mwema. Tangu Jumapili, kila sista anapopita kusoma, ya buluu iko 98. Mimi namshika dada mkono chini ya blanketi muda wote. Hailii tena.

Loyi


Bwera, 8 Julai 2025, jioni

Mama mdogo,

Nisamehe kwa kukosa salamu. Umenisikia kwenye simu mchana huu, na simu imekatika, au umeikata. Kwa hiyo naandika, na Muhamood anageuza gari kesho alfajiri.

Barua yako ilifika leo saa nne. Niliisoma mara mbili kwa furaha, kisha mara ya tatu nikahisi baridi. Nilimfuata Mwalimu Ahimbisibwe chumba cha walimu bila kubisha hodi. Nilimwonyesha namba mbili, ile ya kijani na ile ndogo ya buluu.

Alinieleza hivi. Ya kijani huhesabiwa kutoka vibandiko vya kifuani. Ile ndogo ya buluu huhesabiwa na kibanio cha kidoleni, kinachomulika damu inapopita. Moyo ukipiga, damu inafika kidoleni. Moyo ni mmoja, kwa hiyo namba hizo mbili hutembea pamoja kama dada na dada. Ya Mama inasema 126 kifuani na 74 kidoleni. Mwalimu akasema, "Ama moyo wake unapiga ovyo, ama vibandiko vimelegea, ama kidole si chake." Hilo la mwisho alilisema akitabasamu. Kisha aliacha kutabasamu, akanisindikiza mwenyewe kwa matron.

Matron Ronah alikupigia mara tatu ndipo ukapokea. Nilikuuliza, "Kibanio kiko kwenye kidole cha nani?" Nilikusikia ukipumua. Nyuma yako nilisikia mashine, ikivuta na kusukuma. Ukasema, "Musoki, soma," kwa sauti ile ile ya Baba.

Sikulaumu kwa lolote. Sitaki kujua zaidi ya hiki kimoja: Mama ana oksijeni kiasi gani kweli? Jasho lile, joto lile, moyo unaokimbia vile, mwalimu anasema ni mtu anayepigania hewa. Namba nzuri haimwingizii hewa.

Kama huwezi kumwambia Sista Babirye kwa mdomo, mpe karatasi hii aisome.

Musoki


Bwera, 18 Julai 2025

Mpendwa Mama mdogo,

Nakusalimu. Sijui niandike habari gani za hapa. Tumepanda vitunguu nyuma ya jiko la shule.

Muhamood amekuja mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema alimwachia mlinzi wa getini barua yangu. Mara ya pili alisema hakukuona, na akaanza haraka kunieleza habari za tairi lililopasuka Kikorongo. Simu yako inasema haipatikani. Baba naye yuko mlimani ambako mtandao hauna miguu.

Matron akipita dirishani, kalamu yangu inasimama. Jana aliingia darasani na kuita jina. Alimwita msichana wa nyuma yangu, kuhusu godoro lake. Nilicheka kwa sauti, na wenzangu wakafikiri nina kichaa.

Andika hata neno moja. Kama ni lile neno, liandike pia.

Musoki


Kasese, 25 Julai 2025

Musoki,

Mama yako yu hai.

Nilitaka uone hilo kwanza. Sasa niandike mengine, na ukimaliza kusoma usiniulize kitu.

Siku ile ya simu yako, nilirudi kwenye kiti changu. Sista Babirye akaja kusoma. Akasoma 98, akaandika, akaenda kwa mke wa afande. Ndipo kuna mtu akamwita.

"Sista, rudi."

"Kuna nini, mama?"

"Funua blanketi."

Akafunua. Kibanio kilikuwa kwenye kidole cha mtu mwenye afya, si cha mgonjwa. Sista alikichukua akakirudisha kwa dada yangu. Skrini ilikaa kimya kidogo kama inayotafuta jina la mtu, halafu ikaandika 83 na kuanza kulia.

Sijawahi kuona watu wanakimbia vile. Walichomoa kitu ndani ya bomba, makohozi mazito kama gundi ya fundi viatu. Waliita daktari, akaweka kipimo kifuani, akasema upande wa kushoto hewa haiingii. Namba ilikwenda 81. Dada alikuwa ananitazama. Hakupepesa. Walimgeuza, wakampigapiga mgongo, wakanyonya tena, wakaongeza oksijeni kwenye mashine. 85. 88. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na mtu akanikanyaga vidole, nikasema asante.

Ilipofika 93 wakaanza dawa ya mapafu. Amekuwa taabani siku nyingi, ndiyo sababu sikuandika. Sikutaka kukuandikia jambo ambalo kesho yake lingekuwa uongo. Sasa joto limeshuka na ya kijani iko 90, na ile ndogo ya buluu iko 90. Naziangalia kila wakati kama zinatembea pamoja.

Sista hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisubiri wengine watoke, akasema, "Mama, huyu hawezi kuita, hawezi kuinua hata kidole. Akitaka kuniita, anaitia pale kwenye skrini. Na ninyi mmemziba mdomo." Nikamwambia kuna watu waliogopa mashine itachukuliwa. Akauliza nani kasema namba ikishuka mtu anaondolewa. "Namba ikishuka ndipo tunakuja mbio! Msingeficha, ningekuja mbio tangu Jumapili ile ya kwanza." Na wale madaktari mlangoni walikuwa wanapima tu kama kitanda cha yule kijana kitapita.

Afande Lokwang alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Akamwambia Sista, "Musawo, haki ya Mungu, mimi nilikuwa natania." Tangu siku hiyo anapika uji wake bila neno, na mimi sina la kumtania.

Baba yako anakuja Jumatatu kukaa na mama yako. Mimi narudi Bwera. Nina chumvi ghalani, inayeyuka.

Loyi


Kasese, 2 Septemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Loyi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo. Natumaini magoti yako hayakusumbui na chumvi inauzika. Mimi nimefunga shule salama. Katika mtihani wa muhula nimekuwa wa tatu, lakini katika biolojia wa kwanza.

Wiki tatu za Agosti ulikuwa Bwera na mimi nilikuwa Bwera, kilima kimoja tu katikati yetu. Siku ya wageni nilikaa getini mpaka chakula cha mchana kikaisha. Wenzangu walikuona sokoni, wakakuita, ukageuza uso ukajifanya unapima chumvi. Nimekupigia kwa simu ya Baba tangu nifike hapa, hupokei. Basi tumerudi kwenye karatasi. Uliniagiza nisikuulize kitu na sitauliza. Mimi nina habari tu za kukupa.

Baba ameniachia simu yake akarudi mlimani kuvuna, na mimi nimechukua kiti chako. Mke wa Afande Lokwang ametoka kwa miguu yake. Afande alikuja wiki iliyopita kutuletea maziwa, akasimama mlangoni. Aliuliza, "Yule mama wa chumvi yuko wapi? Mwambie hakuna wa kunitukania uji."

Vidole vya Mama vilianza kucheza katikati ya Agosti. Kisha mabega. Jumatano iliyopita daktari alisema, leo tutamtoa kwenye mashine kidogo, tuone. Sista Babirye alimwinamia, akamwita kwa jina lake, "Mama Gorret, leo unapumua mwenyewe. Niko hapa, siendi popote." Akachomoa lile bomba kubwa la mashine, na sauti ya kuvuta na kusukuma ikakoma. Hujui ukimya ule, Mama mdogo. Sote tulikuwa tumezoea mashine kama watu wa kando ya mto.

Kifua cha Mama hakikufanya kitu. Halafu kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, kidogo, kama mtoto anayejifunza kusoma na kusimama kwenye kila silabi. Ya buluu ilikuwa 96. Ikawa 94. Ya kijani ikapanda, ile ndogo ikapanda nayo. Pumzi zikawa fupi na za haraka. 92. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. 90. Skrini ikaanza kulia.

Nilitaka kushika kitu, Mama mdogo. Chochote. Nilitaka kumshika mkono, kusogeza kibanio, kukikaza, kukifunika. Nilielewa kabisa mtu anavyoweza. Sista aliniona bila kunitazama. "Usimguse," akasema. "Mwache aseme." Nikaikalia mikono yangu yote miwili na kuuma ulimi.

89.

Sista alishika bomba tayari. Alimtazama Mama usoni, akatazama skrini, akatazama kifua, akarudi usoni. Mama alikuwa anamtazama yeye kwa hasira, Mama mdogo, ile hasira yake ya mlimani tunapomwambia gunia ni zito, atue. Sista akashusha bomba, akasema, "Haya basi, twende."

89. 90. Ilikaa hapo. 91. Kisha 93, na kilio kikakoma chenyewe, bila mtu kukizima.

Siku hiyo walimrudisha kwenye mashine baada ya nusu saa, apumzike. Kesho yake aliongeza. Jana alishinda mchana kutwa bila mashine. Usiku bado anaihitaji, na daktari anasema kutembea kutachukua miezi, na bado kuna siku mbaya zitakuja. Nakuambia yote, kwa sababu tumekubaliana kuambiana.

Leo asubuhi Sista alimfunika lile tundu la shingoni kwa kidole chenye glovu na kumwambia ajaribu kusema. Ilitoka sauti kama karatasi inayokunjwa. Neno la kwanza halikuwa jina langu. Nilisikia wivu kidogo, nakiri.

Alisema, "Loyi."

Nikamwambia uko Bwera, unauza chumvi. Alipumzika. Sista alitaka kuondoa kidole asichoke, lakini Mama alikunja uso, hajamaliza.

"Mwambie," alisema, "ule mkono chini ya blanketi ulikuwa na joto."

Sista Babirye akageuka kushughulika na dripu, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mimi nilimwuliza Mama kama anataka uje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kahawa huota mlimani.

"Aje," alisema. "Mikono ya wengine ni baridi."

Nimemwomba Muhamood akuachie kiti cha mbele soko la Ijumaa likiisha. Akikukuta hujafunga mizigo, atasubiri, nimemwambia asubiri.

Mwanao,
Musoki